Simeoni Nsibambi, mtu aliyekuwa na kiu ya Mungu



Katika makanisa yetu ya mashariki hakuna jambo tunaloliombea kama uamsho. Tunafunga, tunakesha, tunakodisha bafle kubwa, tunatundika banderoli mbele ya kanisa, na korali inajifunza nyimbo mpya. Juma la kampeni likiisha, bafle zinarudi kwa mwenyewe. Jumatatu mzee wa kanisa na shemasi ambao hawasalimiani tangu mwaka jana wanapishana tena njiani bila neno. Sisi wachungaji tunaliona hilo. Mara nyingine sisi ndio hao wawili.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Uganda, jirani yetu, ambaye Mungu alimtumia mwanzoni mwa uamsho ulioenea Afrika Mashariki yote na kufika hata huku kwetu Kongo. Jina lake ni Simeoni Nsibambi. Wazee wetu wengi walizijua nyimbo za uamsho huo na desturi yake ya kutubu mbele ya ndugu. Vijana wetu wamesikia habari zake kidogo tu. Hakuwa askofu wala mchungaji. Hakuwahi kuwekewa mikono. Alikuwa mkristo wa kawaida mwenye kiu.

Mlango uliofungwa

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 katika ufalme wa Buganda. Baba yake alikuwa chifu, kwa hiyo mtoto alikua katika nyumba yenye heshima na ardhi. Alisoma Mengo, kisha King's College Budo, shule iliyowaandaa wana wa wakubwa wa nchi. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitumika pamoja na vijana wengine wasomi katika kikosi cha waganga wa kiafrika. Vita ilipokwisha alipata kazi ya serikali katika mambo ya afya. Alikuwa na mshahara, jina, viatu vizuri, na kiti chake kanisani.

Lakini alitamani jambo moja zaidi: kwenda kusoma ngambo. Alitumaini kupata msaada wa masomo, na alipoukosa moyo wake ulivunjika. Wengi wetu tunaijua huzuni ya namna hiyo. Tunawajua vijana walioandika barua ishirini kwa ajili ya bursa na hawakujibiwa, na wengine ambao vita iliwafungia chuo wakiwa wamebakiza mwaka mmoja kumaliza.

Ni katika huzuni hiyo, mwaka 1922, Bwana alikutana naye. Husimuliwa kwamba alionyeshwa wazi jinsi masomo aliyoyalilia yalivyo madogo yakiwekwa kando ya uzima wa milele, na jinsi yeye, aliyebatizwa na kulelewa kanisani, alivyokuwa hajaushika uzima huo. Akatubu, akamwamini Kristo kwa moyo wake mwenyewe. Tangu hapo alianza kuwashuhudia watu huku akiendelea na kazi yake. Mwaka 1925 alimwoa Eva Bakaluba, wakajenga nyumba ya kikristo.

Habari ingeweza kuishia hapo: mtu ameokoka, ana kazi, ana mke, anahudhuria ibada. Makanisa yetu yamejaa watu wa namna hiyo, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Nsibambi aliona upungufu. Kanisa la Buganda lilikuwa kubwa. Shule zilikuwa nyingi, na kanisa kuu la Namirembe lilisimama juu ya kilima likionekana na mji wote. Hata hivyo watu walibatizwa ili wapate jina na kazi, wakristo walirudi kwa waganga usiku, na machifu waliokaa viti vya mbele walikuwa na wake wa siri. Nsibambi aliyaona hayo, tena aliona kwamba ubaridi ule umemgusa na yeye. Hakusema tu kwamba kanisa ni baridi. Alisema kwamba yeye mwenyewe anahitaji zaidi.

Siku mbili Namirembe

Wakati huohuo, upande wa mashariki wa Rwanda, pahali paitwapo Gahini karibu na ziwa Muhazi, alikuwako daktari kijana mwingereza jina lake Joe Church. Alifika Gahini mwaka 1928 kwa kazi ya misheni, na mara akakutana na njaa kali. Watu walikufa njiani. Wenye nguvu waliondoka kwenda kutafuta chakula mbali, na wagonjwa walilala nje kwa sababu hospitali ilikuwa bado inajengwa. Daktari alifanya kazi mpaka nguvu zikaisha. Wenzake waliugua. Aliyekuja na bidii ya kumtumikia Mungu alijiona mtupu, kama kisima kilichokauka.

Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Siku ya Bwana, karibu na kanisa la Namirembe, alikutana na Nsibambi. Walikuwa wameonana mara moja mapema mwaka uleule. Nsibambi alimweleza haja yake bila kuficha: alitaka kujua zaidi habari za Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Daktari naye hakujifanya mwalimu aliyeshiba. Alikiri kwamba ana haja ileile.

Basi wakakaa pamoja siku mbili, mwafrika na mzungu, na Biblia katikati yao. Walifuata mafungu yanayosema habari za Roho Mtakatifu, kutoka kitabu hata kitabu, wakaomba, wakajitoa kwa Mungu upya. Hapakuwa na mkutano wala mhubiri aliyealikwa.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Siku zile za ukoloni, mwafrika aliitwa kuja kufundishwa na mzungu aliitwa kuja kufundisha. Kwamba wawili hao walikaa wote wawili kama wahitaji, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amepungukiwa, hilo lilikuwa jambo geni. Sisi tunaamini uamsho ulianzia hapo, kabla ya machozi yoyote na kabla ya umati wowote. Ulianza watu wawili walipoacha kujifanya mbele za Mungu na mbele ya mwenzao. Mtunga Zaburi ya 42 alijilinganisha na ayala anayetafuta maji. Ayala mwenye kiu haoni haya kuonekana anatafuta.

Baada ya siku hizo Nsibambi aliacha kazi ya serikali ili awe mwinjilisti bila mshahara. Aliacha viatu, akavaa kanzu ya kawaida, akazunguka Kampala akiwauliza watu habari za wokovu wao: wakubwa na wadogo, wachungaji na wapishi. Watu walishangaa. Wengine walimwona kama aliyerukwa na akili. Alikuwa mwana wa chifu, msomi wa Budo, naye sasa anatembea miguu mitupu akimwuliza kila mtu kama dhambi zake zimesamehewa.

Muuguzi aliyekuja kulalamika

Daktari Church alirudi Gahini, na Nsibambi akabaki Kampala. Lakini uzi uliowaunganisha haukukatika. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa amekwenda Gahini kufundisha. Pamoja naye alikuwako Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi wa hospitali, mtu kutoka Ankole.

Hali ya hospitali haikuwa nzuri. Wafanyakazi waligombana, walinung'unikia wazungu, na Yosiya mwenyewe alitaka kuondoka. Mwaka 1931 alisafiri kwenda Kampala, akamtembelea Nsibambi. Alipoulizwa habari za Gahini, alitoa malalamiko yake yote. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwonyesha kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba shida ya hospitali ile ilianzia ndani ya moyo wa Yosiya mwenyewe. Dhambi aliyoiona kwa wengine ilikuwa kwake pia.

Neno hilo lilimchoma. Katika safari ndefu ya kurudi Rwanda, Yosiya alipigana nalo moyoni, mpaka akakubali na kujitoa kwa Bwana. Alifika Gahini akiwa mtu mwingine.

Hii ndiyo iliyokuwa huduma ya Nsibambi. Wengine walihubiri mbele ya maelfu. Yeye alizungumza na mtu mmoja, uso kwa uso, na hakumwacha ajifiche nyuma ya makosa ya wengine. Tunajiuliza ni wangapi kati yetu wachungaji tunaofanya hivyo leo. Mtu anapotujia na malalamiko juu ya mchungaji mwenzetu, mara nyingi tunaketi naye tunaongeza yetu.

Moto na majeraha yake

Mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi na mafundisho huko Gahini, watu walianza kuungama dhambi zao wazi. Kutoka hapo jambo lilienea. Waliorudisha vitu vya wizi walikuwa wengi. Waume walitubu mbele ya wake zao. Wamisionari waliomba msamaha kwa wafanyakazi wao kwa sababu ya kiburi na dharau, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona. Septemba 1935 kundi kutoka Gahini lilikwenda Kabale, kusini mwa Uganda, na moto ukashika nchi ya Kigezi.

Kigozi aliwaka sana kwa ajili ya kanisa. Januari 1936 alisafiri kwenda Uganda akiwa na mambo matatu ya kuweka mbele ya sinodi: ubaridi wa kanisa, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi na bado wanakaribia meza ya Bwana, na njia ya kuliamsha kanisa. Aliugua homa akiwa huko, akafa kabla ya kuyasema mwenyewe. Nsibambi alimzika mdogo wake. Lakini kifo hicho hakikuzima neno lake. Mwaka uliofuata, kanisa la Uganda lilipofanya sikukuu ya miaka 60 ya Injili, mwito wa kuamka ulisikika nchini kote.

Watu wa uamsho waliitwa Balokole, maana yake kwa Kiganda waliookoka. Kutoka Uganda na Rwanda waliingia Burundi, Tanzania, Kenya na Kongo. Walipanda malori, walitembea kwa miguu, na walilala katika nyumba za watu wa kabila lingine wakila chungu kimoja.

Tungekuwa waongo tukisema kila kitu kilikuwa kizuri. Baadhi ya Balokole walikuwa wakali. Walimwona asiyeshuhudia kama wao kuwa hajaokoka, wakawahukumu wachungaji wao hadharani. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa sababu ya ugomvi juu ya mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao. Kati yao alikuwamo William Nagenda, ambaye mke wake alikuwa ndugu ya mke wa Nsibambi. Jeraha hilo lilikuwa kubwa, na wengi walidhani kanisa litapasuka vipande viwili.

Halikupasuka. Ndugu wa uamsho walibaki ndani ya kanisa lililowafukuza, wakaendelea kuketi katika viti vyake na kupokea meza yake. Kwetu sisi wa Kongo hili lina uzito. Tunajua inavyokuwa: ndugu wawili wasipopatana juu ya sadaka au cheo, baada ya mwezi kuna ubao mpya avenyu ileile, na kila upande unasema Roho ndiye aliyewaongoza kutoka. Balokole walikuwa na sababu kubwa kuliko zetu za kuondoka, nao walibaki.

Nyumba ya mtu mmoja

Sehemu ya maisha ya Nsibambi inayotugusa kuliko zote ni ile isiyokuwa na habari nyingi za kusimulia. Kuanzia miaka ya 1940, afya yake ikiwa dhaifu, alikaa nyumbani kwake karibu na Namirembe. Hakuzunguka tena. Uamsho ulienda mbele, mikutano mikubwa ikafanyika nchi mbalimbali, na Nagenda na wengine wakaalikwa hadi Ulaya na kwingineko. Yeye aliyekuwa wa kwanza alibaki ndani. Alikaa hivyo zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1978.

Alifanya nini miaka yote hiyo? Aliomba. Aliwapokea waliomjia kutoka karibu na mbali, akawauliza habari za roho zao kama alivyomwuliza Yosiya. Alilea watoto wake pamoja na Eva. Mmoja wao, Apolo Nsibambi, baadaye akawa waziri mkuu wa Uganda. Kutoka nyumbani humo aliishi kuona nchi yake ikipata uhuru, kisha ikiangukia mikononi mwa Idi Amin. Aliishi kusikia kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum, tunda la uamsho uleule, ameuawa Februari 1977.

Katika makanisa yetu mtumishi asiyeonekana huhesabiwa kuwa amekwisha. Mchungaji mzee akistaafu, wageni hupungua. Mama aliyeongoza maombi miaka 20 akipooza miguu, tunamtembelea mara mbili, kisha tunamsahau. Nsibambi anatufundisha kwamba uwepo wa Mungu haukai jukwaani. Ikiwa Mungu ndiye tuliyemtafuta tangu mwanzo, basi anatosha hata katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Ikiwa tulitafuta umati, siku umati ukiondoka tutabaki bila kitu.

Swali gumu

Tunajua kuna swali ambalo msomaji wa mashariki analo moyoni, nasi hatutalikwepa. Ikiwa uamsho ulianzia Rwanda na Uganda, ukafika Burundi na hadi kwetu, imekuwaje nchi hizi hizi zimwage damu nyingi namna hii? Mwaka 1994 watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Nasi tumezika watu wetu, na mpaka leo ndugu zetu wanalala katika kambi chini ya hema.

Hatuna jibu jepesi. Lakini maisha ya Nsibambi yanatuonyesha jambo moja: uamsho haurithiwi kama shamba. Yeye alizaliwa katika nyumba ya kanisa na bado alihitaji kukutana na Bwana mwenyewe. Vivyo hivyo wajukuu wa waliotubu mwaka 1933 walihitaji kutubu wao wenyewe. Pahali ambapo toba ya babu iligeuka kuwa wimbo tu wa mjukuu, chuki ya kabila ilikuta nyumba tupu, ikaingia.

Na pahali ambapo toba ilibaki hai, ilizaa watu wa ajabu. Kenya, wakati wa vita ya Mau Mau katika miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, na vilevile walikataa kushika silaha ili kuwapiga ndugu zao. Baadhi waliuawa kwa ajili hiyo. Kwao damu ya Kristo iliwafanya wawe jamaa moja, nayo ilikuwa na nguvu kuliko damu ya kabila.

Tufanye nini sisi

Hatusemi tuache mikesha wala kampeni. Mungu amezitumia na atazitumia. Lakini tunaomba kila kusanyiko lijaribu jambo dogo kabla ya kukodisha bafle tena. Watu wawili wakutane. Ikiwezekana wawe wawili wasiopatana, au wa kabila mbili ambazo vita imezitenganisha, au mchungaji na mzee wa kanisa anayempinga. Wachukue Biblia, waketi pahali pa utulivu, na kila mmoja amwambie mwenzake haja yake mwenyewe kabla ya kutaja kosa la mwingine. Watubu yatakayoonyeshwa na Bwana. Warudishe kilichochukuliwa. Wasitangaze.

Na wewe mchungaji uliyechoka kama daktari yule wa Gahini, uliyezika wengi, ambaye kila siku unapokea wakimbizi kanisani na wewe mwenyewe huna unga nyumbani, usione haya kusema kwamba umekauka. Mtafute ndugu mmoja umwambie. Wewe uliyefungiwa mlango ulioutamani, na wewe mama uliyelala kitandani mwezi wa saba sasa, Bwana anaijua nyumba yako.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, tujiulize: yuko nani tunayepishana naye njiani bila salamu? Tuanze na huyo.

Bwana atupe kiu yake, na atunyweshe. Amina.